Tabibu Norman Leys: Maisha ya Mgonjwa Aliyetetea Ardhi ya Wengine

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi maisha ya wanavyuoni wa pwani, watu ambao makaburi yao twayajua na wajukuu wao twasimama nao safu moja. Leo twatoka nje ya mipaka hiyo. Mtu tunayemweleza alikuwa Mwingereza na Mkristo, tabibu wa serikali ya kikoloni, na nusu ya maisha yake ya kazi aliyapitisha akiwa na kifua kibovu. Hapana shaka watatokea watakaouliza ana uhusiano gani na sisi. Jibu limo ndani ya birika.

Kuanzia Lamu mpaka Vanga hapana nyumba inayofunguliwa asubuhi bila ya chai. Majani yake mengi hutoka bara, katika nyanda za juu za Kericho na Bomet, nchi ya mvua za mchana na vilima vya kijani ambavyo msafiri huviona kama zulia lililotandikwa na fundi mmoja. Tunainunua chai hiyo, twaisifu, twaikorogea sukari na hiliki, wala hatuulizi nchi ile ilikuwa ya nani kabla ya kupandwa. Tabibu Leys alikuwa miongoni mwa watu wachache wa taifa lake waliouliza swali hilo, si kwa Kericho peke yake bali kwa nchi yote ya Kenya, na akaendelea kuuliza kwa muda wa miaka 30 na zaidi, akiwa mzima na akiwa mgonjwa.

Norman Maclean Leys alizaliwa mwaka 1875. Alisoma utabibu katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na huko alijuana na Gilbert Murray, mwalimu wa Kiyunani aliyekuwa baadaye mmoja wa wanavyuoni mashuhuri wa Uingereza. Urafiki huo wa mwanafunzi na mwalimu ulikuja kuwa na kazi kubwa, kama tutakavyoona. Mwanzoni mwa karne ya 20 Leys alikuja Afrika Mashariki akaingia utumishi wa serikali, akatumika Nyasaland, nchi inayoitwa leo Malawi, kisha akatumika katika nchi yetu ilipokuwa ingali inaitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza.

Kazi ya tabibu wa serikali siku zile ilimpitisha mtu mahali pengi. Gavana aliona ripoti. Tabibu aliona miili. Tabibu ndiye aliyeitwa kupima wafungwa na vibarua, kutazama kambi za reli, kuhesabu waliokufa kwa ndui na kwa homa. Mtu mwenye macho hawezi kuifanya kazi hiyo kwa miaka mingi asijue kwa nini watu wanaugua, na akishajua kwa nini, dawa ya chupa humwonekea ndogo. Twadhani hapa ndipo ilipoanza safari ya Leys.

Mwaka 1911 alikuwa Nakuru. Mji huo hauko mbali na Kericho, na siku zile ulikuwa ndio kitovu cha walowezi wa Bonde la Ufa. Mambo yaliyotukia mbele ya macho yake ni haya. Mwaka 1904 serikali ilikuwa imefanya mkataba na Wamasai, wakaiacha sehemu kubwa ya malisho yao ya Bonde la Ufa, na badala yake wakaahidiwa kwamba nchi ya Laikipia itakuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani. Ahadi hiyo haikudumu miaka 10. Walowezi waliitamani Laikipia, na mwaka 1911 ukafanywa mkataba wa pili wa kuwahamisha Wamasai waende kusini. Walihamishwa watu wapatao 10,000, ng'ombe 175,000 na kondoo zaidi ya milioni moja, katika safari iliyovunjika mara ya kwanza kwa mvua na msongamano, ikaanzwa tena mwaka 1912 na kumalizika mwaka 1913. Watu walikufa njiani na mifugo ikafa.

Leys hakunyamaza. Alimwandikia Gilbert Murray barua akimweleza yaliyokuwa yakifanyika, na Murray akazifikisha habari hizo kwa watu wa siasa wa London. Maswali yakaulizwa Bungeni. Ikabainika kwamba Gavana, Sir Percy Girouard, hakuwa ameieleza wizara yake ukweli wote juu ya ahadi alizowapa walowezi, na mwaka 1912 Gavana huyo akajiuzulu. Kwa mtumishi mdogo wa serikali, kusababisha maudhi makubwa kiasi hicho kwa mkubwa wake ni jambo lisilosamehewa. Mwaka 1913 Leys aliondolewa Kenya akapelekwa tena Nyasaland.

Watu wa Mombasa wana fungu lao katika kisa hiki. Wamasai, wakiongozwa na Ole Gilisho, ambaye Waingereza walimwandika Legalishu, walikwenda mahakamani, na shauri lao lilisikilizwa Mombasa mwaka 1913, wakiwa na wakili wa mjini petu. Hukumu iliyotolewa ni ya ajabu hata leo. Mahakama haikusema kwamba Wamasai hawakudhulumiwa. Ilisema kwamba Wamasai si raia wa Mfalme bali ni watu wa dola ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake, kwamba mkataba wao ni mkataba wa dola na dola, na kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuutazama. Watu waliohamishwa kwa amri ya serikali kama mifugo waliambiwa kwamba wao ni taifa huru siku waliyokuja kutafuta haki! Sisi wa pwani, ambao Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilizifanya shamba nyingi za babu zetu kuwa mali ya serikali kwa kukosa karatasi, twaijua vizuri lugha hiyo ya sheria.

Leys alikuwako Nyasaland mwaka 1915, wakati mchungaji John Chilembwe alipoongoza maasi mafupi yaliyozimwa kwa damu. Baadaye ikafika siku ya mtihani wake mwenyewe. Alishikwa na kifua kikuu, na mwaka 1918 afya yake ikamtoa katika utumishi wa serikali, akarudi Uingereza akiwa na umri wa miaka 43.

Twaomba msomaji aukumbuke ugonjwa huo jinsi ulivyokuwa siku zile, maana kijana wa leo hajui. Mjerumani Robert Koch alikwisha kumgundua mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882, lakini kumjua adui si kumshinda. Hapakuwa na kidonge wala sindano. Mgonjwa aliambiwa apumzike, alale penye upepo safi, ale vizuri, asijichokeshe, asikasirike, na angojee. Wengine walipona kwa kadiri ya Mola, wengine walififia miaka mingi, na wote waliishi bila ya kujua ni lini kifua kitarudi kuwadai. Fauka ya hayo, watu waliwaogopa. Hata katika miji yetu mgonjwa wa kifua alitengewa kikombe, na jamaa zake walificha jina la maradhi yake ili binti za nyumba wasikose kuposwa. Leys alikuwa tabibu, hakuwa na pazia la kumficha jambo. Maradhi aliyowaeleza wengine sasa aliyasoma katika pumzi zake mwenyewe.

Mtu aliyepewa amri ya kupumzika angeweza kupumzika, na hapana ambaye angemlaumu. Leys alifanya kinyume. Mwezi wa Februari 1918, katika mwaka ule ule wa kuondoka kwake kazini, aliandika barua ndefu kwa Waziri wa Makoloni akieleza hali ya watu wa Afrika Mashariki: ardhi iliyotwaliwa, kodi zilizowalemea, kazi za kulazimishwa, na hatari ya maasi kama yale ya Chilembwe ikiwa mambo hayatabadilika. Ilikuwa barua yenye ukubwa wa kitabu kidogo. Nakala yake ikamfikia J. H. Oldham, katibu wa jumuiya za wamisionari, mtu aliyekuwa na mlango wazi kwa mawaziri na maaskofu, na hapo ukaanza kati yao mwandikiano wa miaka mingi.

Hili ndilo jambo tunalolitazama kwa makini zaidi katika maisha ya mtu huyu. Alipokuwa mzima alikuwa mtumishi, na mtumishi hula mshahara wa ulimi wake. Alisema kwa kificho, kwa barua za siri kwa rafiki, na hata hivyo alihamishwa. Maradhi yalimnyima mshahara wa serikali, nchi aliyoizoea, nguvu za mwili na matumaini ya uzee, lakini kwa kumnyima hayo yalimnyang'anya bwana wake pia. Hapakubaki kitu cha kumtishia nacho. Hatusemi kwamba ugonjwa ni neema kwa kila augueye, maana wako waliovunjwa na kifua kikuu wakafa kimya wakiwa na mengi ya kusema, na ni ukatili kumwambia mgonjwa ashukuru kwa kikohozi chake. Twasema tu kwamba kwa mtu huyu mmoja mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguka, naye akaupita.

Sasa tuende Kericho, kwa sababu mwaka uliofuata, 1919, serikali ya Kenya nayo ilishughulika na wagonjwa, kwa njia yake.

Vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimekwisha mwaka 1918. Maaskari wa Kiingereza walirudi kwao, wengi wakiwa wamejeruhiwa, na serikali ikataka kuwatuza. Ukatungwa mpango wa kuwapa mashamba katika Kenya, nchi ambayo wengi wao hawakuiona hata kwa ndoto. Zaidi ya eka milioni mbili ziligawanywa, na majina yalivutwa kwa bahati nasibu, katika jumba la michezo la Nairobi na kule London. Wanandi walipoteza nchi katika mpango huo. Na katika nchi ya Wakipsigis, ambao Waingereza waliwaita Walumbwa, zilitengwa eka 25,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa waliolemazwa na vita. Palianzishwa hapo koloni la maofisa vilema, wakafanya shirika lao na kulima kitani, ambacho bei yake ilikuwa imepanda sana kwa sababu ya vita.

Hebu na tulitazame jambo hili kwa insafu. Hao maofisa walikuwa watu walioumia kweli. Wengine walikuwa wamepoteza viungo, na wengine walibaki na maradhi yasiyokoma. Kumhurumia mtu wa namna hiyo ni wajibu, na serikali iliyompeleka vitani ina deni kwake. Lakini deni la Uingereza lililipwa kwa mali ya Mkipsigi. Wala Mkipsigi hakuwa mgeni wa nguvu za serikali, kwani mwaka 1905 jeshi lilikwisha kupelekwa kuwaadhibu watu wa Sotik, upande wa kusini wa nchi hiyo, na mwaka 1915 Sheria ya Ardhi za Mfalme ilikwisha kumfanya mwenyeji kuwa mpangaji asiye na hati. Baada ya Kenya kutangazwa koloni mwaka 1920, mahakama ilikata shauri mwaka 1921 kwamba Mwafrika hukaa juu ya ardhi ya Mfalme kwa ridhaa ya Mfalme tu.

Na je, wagonjwa na vilema wa upande wa pili? Waafrika walipelekwa vitani kwa mamia ya maelfu kuchukua mizigo katika vita vya kumfukuza Mjerumani Tanganyika, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la jeshi lao la wapagazi limebaki katika vitongoji vya Kariakoo vya Dar es Salaam na Nairobi. Miongoni mwao walikuwamo watu wa pwani waliokamatwa njiani na kutiwa kamba. Waliorudi wakiwa na matumbo yaliyoharibika na mapafu yaliyochoka hawakuvutiwa bahati nasibu. Walichokikuta ni kipande, kile cheti cha alama za vidole kilichoanza kutumika wakati huo na kuvaliwa shingoni, na kodi iliyopanda.

Koloni la vilema halikudumu. Bei ya kitani ikaanguka ghafula miaka ya 1920 na 1921, shirika likafilisika, maofisa wakatawanyika. Mtu angetazamia kwamba nchi iliyotwaliwa kwa ajili ya wagonjwa, wagonjwa wakishaondoka, ingerudi kwa wenyewe. Haikurudi. Ardhi hiyo ikapita kwa makampuni ya chai. Brooke Bond ilianza kazi zake Kenya katikati ya miaka ya 1920, na kampuni ya James Finlay ikaingia Kericho wakati huo huo. Chai ilikuwa imekwisha kujaribiwa Limuru tangu mwaka 1903, lakini Kericho ndiko ilikopata mvua na udongo wa kuipendeza. Vibarua waliletwa kutoka kwa Wajaluo, Waluhya na Wakisii, wakawekwa katika safu za vyumba, na Wakipsigis wengi wakawa wakaazi wa kuombaomba katika nchi za baba zao. Ukoo wa Talai, ukoo wa maoibon, ambao serikali iliwaona kuwa ndio mzizi wa ukaidi, ulitungiwa sheria yake peke yake mwaka 1934, ukang'olewa na kuhamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Nyanza, katika nchi ya mbu na ndorobo.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Aliishi Brailsford, kijiji cha mkoa wa Derbyshire, akifanya kazi ya tabibu wa mashambani. Mwaka 1919 Gavana mpya wa Kenya, Sir Edward Northey, alitoa waraka wa kuwataka maofisa wa serikali wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na aliyeishi chini ya utawala huo alijua himizo la ofisa ni nini. Oldham, akiwa ameelimishwa kwa kiasi kikubwa na barua za Leys, aliwakusanya wakuu wa makanisa wakapinga, na mwaka 1921 Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, akakataza maofisa kuwatafutia walowezi vibarua. Ulikuwa ushindi, lakini mdogo, maana kodi ilibaki, na kodi ni himizo lisilohitaji waraka.

Mwaka 1924 kikatoka kitabu kilichomtambulisha. Alikiita kwa jina la nchi tu, Kenya. Kilichapishwa London na Hogarth Press, shirika la uchapishaji la Leonard Woolf na mkewe Virginia, na dibaji yake iliandikwa na yule yule Gilbert Murray wa Glasgow. Ndani yake Leys alifanya kazi ambayo mwanasiasa huikwepa: alipiga hesabu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1921 Wazungu wa Kenya hawakufika 10,000, nao walikuwa wameshika ardhi iliyo bora. Aliuliza ni nani alipaye kodi na ni nani anayefaidi reli, barabara, shule na hospitali. Alionyesha kwamba mtu hulazimishwa kufanya kazi bila ya kupigwa hata kiboko kimoja: mpunguzie ardhi, mwongezee kodi, kisha ukae barazani ungoje. Na akiwa tabibu alieleza jinsi kijiji kinavyodhoofika wanaume wake wanapokwenda kukaa miezi mingi katika kambi za ajira.

Kitabu kilichukiwa Nairobi kama kilivyotarajiwa kuchukiwa. Walisema ni maneno ya mtu mwenye kinyongo na serikali iliyomhamisha, na ya mgonjwa aliye mbali asiyejua hali ya sasa. Hoja hiyo ya mwisho yafaa kukumbukwa, kwa sababu kila mwenye maradhi ya muda mrefu huipata siku moja. Akisema polepole, huambiwa amechoka. Akisema kwa ukali, huambiwa ni homa inayosema. Jibu lake likaja kutoka kwa mtu mzima wa afya: mwaka 1927 William McGregor Ross, mhandisi aliyekuwa mkuu wa idara ya ujenzi Kenya kwa miaka mingi, alitoa kitabu chake mwenyewe juu ya nchi hiyo, na hesabu zake zikatembea njia moja na za Leys. Nyumba ya Ross ikawa baadaye mojawapo ya zile zilizompokea Jomo Kenyatta alipofika London tangu mwaka 1929 kudai ardhi ya Wakikuyu.

Leys aliingia pia katika kamati ya Chama cha Labour iliyoshauri juu ya mambo ya makoloni, ambayo katibu wake alikuwa Leonard Woolf. Humo alidai, mwaka baada ya mwaka, mambo ambayo wenzake wengi waliyaona kuwa ya haraka mno: Waafrika wawe na haki sawa mbele ya sheria, wafunguliwe shule za kweli, wasifungiwe katika maeneo ya makabila kana kwamba kila kabila ni aina nyingine ya kiumbe. Siku zile hata marafiki wa Waafrika walipenda kusema kwamba Mwafrika aachwe aendelee kwa njia zake. Leys aliona kwamba maneno hayo matamu huishia katika kumnyima kitabu na kura. Katika hilo twamwona alikuwa mbele ya watu wake kwa miaka 30.

Hakuwa mtu mwepesi. Ni wajibu wetu kulisema hili, kwa sababu kumsifu maiti kwa yasiyokuwako ni kumdhulumu. Alikuwa mkali kwa maadui, na mkali zaidi kwa marafiki. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilipotangaza katika Waraka wa Devonshire kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa Kenya, Oldham, aliyekuwa na mkono katika tangazo hilo, aliliona kuwa msingi wa kujengea. Leys aliona karatasi. Oldham aliamini katika kusogea hatua kwa hatua pamoja na walowezi wenye busara na magavana wenye nia njema. Leys aliamini kwamba dhulma haigawanywi nusu kwa nusu na aliyedhulumiwa asiwepo mezani. Urafiki wao ukapoa, na kabla ya muongo huo kwisha ulikuwa umevunjika. Hatuwezi kusema kwa uhakika ni nani kati yao aliyewafaa Waafrika zaidi. Oldham alibadilisha maneno ya serikali. Leys aliwafanya watu wasiyaamini maneno peke yake. Huenda kila mmoja asingefanya kazi yake bila ya mwingine. Lakini mtu anayehesabu miaka yake kwa mashaka, asiyejua kifua chake kitamwacha mpaka lini, ni vigumu kumtaka awe na subira ya mwenye afya.

Mambo yaliyofuata yalimpa Leys hoja. Mwaka 1930 ilitungwa Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji, ikaahidi kwamba maeneo ya Waafrika hayataguswa bila ya kupewa ardhi nyingine ya badala. Mara ikapatikana dhahabu Kakamega, na mwaka 1932 sheria hiyo ikarekebishwa kwa haraka ili wachimbaji waingie. Ilikuwa ni Laikipia tena: ahadi ya milele, yenye umri wa mtoto wa miaka miwili. Kitabu cha pili cha Leys, alichokiita nafasi ya mwisho katika Kenya, kilikuwa kimetoka mwaka 1931. Tume ya ardhi ya Sir Morris Carter ikafanya kazi tangu mwaka 1932, na mwaka 1934 ikatoa ripoti iliyofunga madai mengi badala ya kuyatimiza, na nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Miaka 18 baadaye, mwaka 1952, hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Leys hakuishi kuiona, lakini alikuwa ameionya serikali juu ya jambo la namna hiyo tangu barua yake ya mwaka 1918.

Katika vita vikuu vya pili, alipokuwa na miaka 66, alitoa kitabu cha tatu, juu ya ubaguzi wa rangi katika Afrika Mashariki, mwaka 1941. Mtu aliyetoka utumishini mwaka 1918 kwa sababu ya kifua kikuu alikuwa bado anaandika miaka 23 baadaye, na jambo alilokuwa akiliandikia ni lile lile. Wako watakaosema kwamba hiyo ni dalili ya kushindwa, kwani aliyefaulu hubadilisha mada. Sisi twaona kwamba mada haikuwa imempa ruhusa ya kubadilisha.

Alifariki mwaka 1944. Mwaka huo huo wanavyuoni wa Marekani walitangaza dawa ya streptomaisini, dawa ya kwanza iliyomwua mdudu wa kifua kikuu ndani ya mwili wa mwanadamu, na katika miaka iliyofuata ugonjwa uliowatisha wazee wetu ukawa ugonjwa wa kutibika kwa anayefikiwa na dawa na kuzimeza mpaka mwisho. Mwandikiano wake na Oldham ulikusanywa na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1976, Kenya ikiwa na miaka 13 ya uhuru.

Kericho na Bomet, wilaya moja mpaka mwaka 1992, ni kaunti mbili tangu mwaka 2013. Mashamba makubwa ya chai yalibaki mikononi mwa makampuni baada ya uhuru, yakauzwa na kununuliwa kampuni kwa kampuni. Wakipsigis na watu wa Talai hawakuacha kudai. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilikubali kwamba walitendewa dhulma ya kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza juu yao. Na mwaka 2022 madai yao yakapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg. Miongoni mwa waliodai walikuwamo wazee waliokuwa watoto katika kambi ya Gwassi, na baadhi yao wamekufa wakingoja.